Bi Salma Alipopiga Magoti

Hail, Muscat
Mwezi wa Shaabani

Kwa dada yangu mpenzi Mwajuma,

Assalaam alaykum, dada, na shikamoo. Kabla ya lolote niambie, mama ameamkaje? Najua swali hili litakufikia likiwa limeshachacha, lakini mimi nakuuliza kila asubuhi kabla hata sijanawa uso, basi lipokee kana kwamba nimekuuliza leo. Ule mkono wake unashika kikombe? Anakula mwenyewe au bado mnamlisha? Na wewe mgongo wako? Mimi huku mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umekaa upande.

Barua hii anakuletea Mama Shabani, yule wa Ng'ambo, aliyekuwa anafanya kazi nyumba ya pili kutoka hapa. Yeye kapewa ruhusa anarudi moja kwa moja. Sikutaka kuipitisha posta, kwa sababu barua zangu hupelekwa na mwenye nyumba. Uisome peke yako, mwanangu Zuhura asiione. Sababu utaikuta mwishoni, na usikimbilie mwishoni, nakujua.

Unakumbuka nilikuambia nimeahidiwa kuja nyumbani "baada ya michezo"? Ukaniandikia ukiuliza michezo gani, mpira? Siyo mpira, dada. Ni michezo ya kuigiza, ya Wamarekani. Ngoja nikueleze yote tangu mwanzo, maana nisipoeleza utadhani nimepoteza akili kwa joto.

Huyu Bi Salma ninayemfanyia kazi unamfahamu kwa jina. Anafanya kazi wizarani, anakwenda na gari lake asubuhi na kurudi mchana. Mumewe, ambaye kwenye karatasi ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu, yuko jangwani kwenye mafuta na nyumbani anapita tu, kwa hiyo neno la hapa ndani ni la Bi Salma, na pasipoti yangu iko kwenye kabati la Bi Salma. Tena Bi Salma na mama yake wamezaliwa Tabora, kwetu kabisa. Baba yake alikuwa na duka karibu na stesheni. Wakaja huku Bi Salma akiwa msichana mdogo, na mama yake akiwa mtu mzima ambaye hakutaka kuja.

Huyo mama ndiye kazi yangu. Mimi namwita Bibi. Namwogesha, namvalisha, namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ukumbini, namkanda miguu. Siku ya kwanza kabisa nilipoingizwa chumbani kwake nilipiga magoti, nikasema mwangaluka, bila hata kufikiri, maana nilimwona ana umri wa mama. Bi Salma akaniambia hapa hatupigiani magoti, mbusu kichwa inatosha. Bibi akasema mwache. Akaniwekea mkono kichwani, akanijibu mwangaluka kwa sauti ya kwetu kabisa, na machozi yakamtoka. Tangu hapo ndiyo salamu yetu ya kila asubuhi. Bi Salma mwenyewe sijawahi kumpigia magoti. Ananizidi mali, lakini umri tunalingana.

Na kama mama alivyotufundisha: ukipigiwa magoti usimpe mtu mgongo, umjibu. Na wewe uliyepiga ukishajibiwa uinuke, usibaki chini, maana kubaki chini ni kumwambia mkubwa jibu lako sikulitaka. Unakumbuka wewe ulivyobaki chini siku ya ile sketi, akakuacha hapo akaenda kupika? Mimi nakumbuka.

Sasa hiyo michezo. Kuna mwalimu mmoja wa Kimarekani, Bi Dorothi, mama wa makamo, nywele zake za mvi kazikata fupi. Ana kikundi chake cha wazungu na wengine wachache, na ukumbi mdogo nyuma ya shule ya wageni, na msimu huu wa baridi walipanga michezo mitatu, yote kuhusu wenye nacho na wasio nacho huko Marekani. Bi Salma alijiunga kwa sababu Kiingereza anakijua, na kwa sababu, nadhani, nyumba ilimchosha. Bibi akasema lazima amwone mwanawe, na kiti cha Bibi hakijisukumi, ndivyo nami nilivyoingia kwenye mambo ya Wamarekani.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa familia ya matajiri wanaogombea jumba la baba yao. Dada, matajiri wa Marekani wanalia sana. Muda wote ni kulia na kumimina vinywaji. Bi Salma humo hakuwamo, alishika mapazia tu. Wa pili ulikuwa wa wanawake wa dobi waliogoma, na huo niliupenda, maana yule mwenye dobi alipokuja kuomba radhi hakuna aliyempa kiti. Bi Salma alipita na kapu mara moja akasema maneno machache. Watu walifuta machozi kwa ajili ya wale wafua nguo. Nilipotoka kumpeleka Bibi msalani nikawaona madereva wao nje, kila mmoja kwenye gari lake, kiti kimelazwa nyuma, wanangoja. Mmoja akaniuliza huko ndani kuna nini, nikamwambia kuna dobi. Akacheka.

Wa tatu ndio uliotuletea haya. Ulikuwa wa bibi mmoja wa jumba kubwa na mtumishi wake. Siku ya kugawana sehemu wale wazungu wote walipewa kuwa mabibi na wageni wa mabibi, na utumishi akapewa Bi Salma. Alirudi nyumbani kavimba. Alikaa mezani akasema humu ndani yeye ana digrii, ana wafanyakazi chini yake wizarani, na Bi Dorothi katazama watu wote akaona mtumishi ni yeye. Kwa nini, akasema, kwa rangi gani? Mimi nilikuwa jikoni, na Mungu anisamehe, nilishika sinki kwa kicheko. Lakini baada ya siku mbili tatu akalainika, maana aliambiwa ndiyo sehemu kubwa kuliko zote na kwamba uso wake unasema.

Basi akaanza kujifunza kwangu mimi. Alikuwa hajawahi kubeba sinia lenye vikombe vilivyojaa maishani mwake. Aliniambia Tatu, nenda, rudi. Tena. Akawa anakuja nyuma yangu na sinia lake, anatazama ninavyofungua mlango kwa kiwiko, ninavyosimama pembeni wageni wakila. Siku moja aliniuliza ninafikiri nini nikisimama pale. Nikamwambia nafikiria miguu. Alidhani nafanya mzaha. Kwa kweli, dada, tulicheka sana siku zile, na kwa muda nilisahau nani ni nani. Alikuwa ananiuliza mambo ambayo miaka yote sita hakuwahi kuniuliza, na mimi nilimjibu, maana ni nani mwingine ameniuliza?

Ndipo ikaja barua yako kwamba mama ameanguka na upande mmoja umepooza, na kwamba anataja jina langu.

Nilimfuata Bi Salma sebuleni. Alikuwa amekaa na makaratasi yake ya mchezo mapajani. Nikasema, "Bi Salma, mama yangu kaanguka. Ananiita. Naomba niende nikamshike mkono tu, halafu nitarudi."

Akaniinulia macho. "Sema tena," akasema. "Hivyo hivyo ulivyosema."

Nilidhani hakusikia vizuri. Nikasema tena. Macho yake yalilowa, akasimama akanishika mikono yote miwili, na nakuapia hakuwa anajifanya. Akasema nitakwenda, inshallah, lakini baada ya mchezo wa tatu, maana kila jioni yuko mazoezini na Bibi hawezi kubaki na kuta. Nikaona ni haki. Ndiyo ahadi niliyokuandikia. Kisha ukumbi ukachukuliwa na watu wengine, mchezo ukasogezwa, kisha yule mzungu wa kuigiza bibi mwenye jumba akaugua, ukasogezwa tena. Kila ukisogezwa na mimi nasogezwa. Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa, nikawa nalifungua kutoa nguo ya kuvaa na kulifunga tena.

Wiki ya mwisho akaniomba nimwonyeshe namna ya kupiga magoti. Hapo nilikataa. Nikamwambia hilo si la kazi, si la bwana na mtumishi, kwetu hatumpigii magoti mwenye mali, tunampigia aliyetuzidi miaka. Akasema Wamarekani hawaijui Tabora, Tatu. Nikamwambia wewe unaijua. Hakuniomba tena, nikadhani yameisha. Nilisahau kwamba alikulia dukani kwa baba yake, na kwamba wanawake wa vijijini waliokuja kununua chumvi walimsalimu mama yake kwa magoti mbele ya macho yake.

Siku ya mchezo nilimvalisha Bibi nguo yake ya zambarau, tukakaa pembeni mwa mstari wa mbele. Bibi Kiingereza hakijui hata kidogo. Michezo miwili ya kwanza alilala. Huu hakulala, kwa sababu mwanawe alikuwa anaingia na kutoka na sinia.

Dada, sijui nikuambieje. Nilijiona. Kiwiko changu mlangoni, hata pumzi ninayoivuta kabla ya kuinama. Alinipata kabisa. Kisha ikafika mahali ambapo mtumishi anapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa, anamwendea bibi mwenye jumba, ambaye anapanga maua mezani. Bi Salma akaweka sinia chini. Akapiga magoti, vizuri kabisa, goti moja kisha la pili, mikono pamoja, macho chini. Na kwa Kiingereza akasema, nami Kiingereza cha jikoni ninacho, my mother is calling me, let me only hold her hand and I will come back. Maneno yangu. Hayakuwamo kwenye yale makaratasi, maana nilikuwa nimemsikia akijisomea sehemu hiyo zaidi ya mara moja na ilikuwa vingine.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa analia wazi. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, na wakati huo huo, usinicheke, nilikuwa nangojea yule mzungu ajibu, kana kwamba jibu lake lingekuwa langu.

Lakini mchezo ulivyoandikwa, yule bibi hajibu. Anageuka, anampa mgongo, anaendelea na maua yake.

Bibi akaona hilo. Maneno hakuyaelewa, lakini magoti aliyaelewa, na mgongo aliuelewa. Akanishika mkono, akaniuliza anataka nini mwanangu kwa yule? Nikamwambia kwa sauti ndogo, anaomba ruhusa aende kwa mama yake mgonjwa. Bibi alijiinua kwenye kiti chake kwa mikono, akasema kwa ile sauti yake ya zamani ya dukani:

"We mwanamke, mtu kakupigia magoti, unampa mgongo? Mjibu! Mpe rukhsa aende kwa mamake!"

Yule mzungu akageuka na ua mkononi. Bi Salma pale chini hakuinua macho, lakini niliona mabega yake. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, kwamba yule mzee kawekwa pale makusudi, wakaanza kupiga makofi, na makofi yakaendelea hadi taa zikazimwa. Bi Dorothi alikuja mwisho akambusu Bibi mikono. Njia nzima garini Bibi alikuwa anamsema yule mzungu. Hana malezi, alisema, khasa hana malezi, mtu mzima vile. Tulipofika Bi Salma aliniuliza nimeuonaje. Nikamwambia umenipatia. Akanikumbatia, maua aliyopewa ukumbini yakanichoma shingoni.

Nililala na furaha, dada. Nilijiambia kwamba Bibi ameshasema, na amesema mbele za watu.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa, Bi Salma yuko nyumbani. Aliingia chumbani kwa Bibi wakati namaliza kumvalisha, akakaa kitandani. Nikaona ndiyo wakati. Nikapiga magoti kama kila siku, nikasema mwangaluka, Bibi akaniwekea mkono akajibu. Sikuinuka.

"Kuna nini tena, mwanangu?" akauliza.

"Naomba ruhusa niende kwa mama yangu," nikasema. "Ni mgonjwa. Jana ulisema apewe."

Mkono wake ulikuwa bado kichwani kwangu, nikausikia unakuwa mzito. Kumbe hakuwahi kuambiwa habari za mama. Alimtazama Bi Salma. Bi Salma akatazama chini, akasema taratibu, "Akenda Tatu, nani atakuogesha, mama? Mimi niko kazini. Ntakuwekea mgeni asiyejua hata kukuuliza umeamkaje?"

Nilimsikia Bibi anavyopumua. Nakuambia kweli, alikuwa anaogopa. Yule aliyepaza sauti mbele za wazungu aliogopa kubaki na mtu asiyejua mwangaluka. Sikumchukia. Mama yetu hapo alipo naye anaogopa hivyo hivyo.

Bi Salma ndiye aliyepata dawa. Uso wake ulifunguka kabisa, akasema, "Tatu ana binti. Mkubwa sasa, wa kwao huyo huyo, anayajua yote haya. Aje ashike nafasi ya mamake, na Tatu aende kwa mama yake. Viza ntaifanya mimi mwenyewe."

"Eee," Bibi akasema, na mkono ukawa mwepesi. "Mwite mwanao, naye ntamlea. Kisha nenda kwa mamako, na radhi zangu unazo. Inuka sasa."

Nilikuwa nimejibiwa. Tena kwa radhi. Nikainuka, dada. Ningefanya nini? Nikachukua beseni nikatoka nalo.

Sasa ndiyo sababu ya barua hii. Bi Salma atakupigia simu kwenye lile duka la Mzee Hamisi, Ijumaa baada ya sala. Atazungumza vizuri, maana ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Atakuambia habari za viza na tiketi, na kwamba siku Zuhura akishuka uwanja wa ndege hapa Sib mimi ndiyo siku nitakayopanda. Na Zuhura akisikia atarukaruka, maana kila barua yake inaniuliza lini nitamwita Uarabuni.

Usikubali, dada. Mwambie binti ameposwa, mwambie anaumwa kifua, mwambie wewe ndiye mkubwa wake na umekataa. Nikasirikie mimi ukitaka.

Mimi nilikuja kwa miaka miwili. Nilimwacha Zuhura hajui kujisuka nywele zake. Hapa hakuna anayenipiga, nala wanachokula, chumba changu nyuma ya jiko kina feni. Geti halifungwi kwa ufunguo. Siku moja nilitoka nikaenda hadi ufukweni, nikasimama, nikarudi, maana bila ile pasipoti sikuwa na pa kwenda zaidi ya pale. Ndiyo maisha niliyonayo, na nayaweza. Lakini nikitoka mimi akaingia yeye, siku atakayotaka kutoka atampigia nani magoti? Na ataambiwa amlete nani?

Kwa hiyo nikija mimi anakuja yeye. Basi mimi nakaa. Sanduku nimelifungua leo, nguo nimezirudisha kabatini, kwa sababu kila nikilitazama limefungwa nilikuwa naanza kujishawishi.

Nisalimie shemeji, baba Idi, mwambie ile redio imo kwenye mzigo wa Mama Shabani, betri anunue mwenyewe. Msalimie jirani yetu mama muuza vitumbua na umshukuru kwa kumgeuza mama mchana unapokuwa shambani. Msalimie mwalimu wa cherehani wa Zuhura, asimlegezee. Zuhura mpe kitambaa cha bluu, ashone gauni lake mwenyewe, na akiuliza mama anarudi lini mwambie nipo kazini.

Mama ukimkanda miguu anza kwenye nyayo, kisha upande juu. Mafuta uyapashe moto kwanza. Hapa ndivyo ninavyomfanyia Bibi, na analala.

Kisha mwambie mama: mwanao Tatu kakupigia magoti kutoka Muscat. Usimweleze lingine. Mwambie hivyo tu, ungoje. Kama ni neno, kama ni mkono ule mmoja unaoinuka, uniandikie alivyojibu, vile vile bila kupamba, nami nitainuka.

Mdogo wako akupendaye,
Tatu